Nani Amekaa na Nani: Miaka Yangu Mbele ya Uboho

Siku ya kuniaga, vijana wa maabara walinipa blanketi, saa ya ukutani na swali. Blanketi ninalitumia. Saa imeshasimama. Swali ndilo limenikalisha chini niandike: "Madam, kabla ya hizi mashine, mlikuwa mnajuaje?" Aliyeuliza hakuwa na ubaya, ila usoni alionyesha wazi kwamba anaamini tulikuwa tunabahatisha tu. Nilicheka, nikala keki, nikarudi nyumbani Sosiot, na tangu siku hiyo sijatulia.

Basi vijana wangu, nawaandikia. Vyeo nitaviruka, kwa sababu vilipokuja vilikuja na mikutano, na hakuna anayetaka kusikia habari za mikutano. Mishahara tuiache ilale. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyofundishwa kutazama, na habari za mama mmoja kijana ambaye nusura tumpoteze.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini katika hospitali ya misheni iliyozungukwa na chai, upande wa kuelekea Bomet. Siku ya kwanza nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi na mama yangu mwenyewe, na viatu vyenye kisigino. Mkuu wa maabara alikuwa Mama Awino, mzaliwa wa kando ya ziwa, aliyeletwa milimani akiwa mtoto wakati baba yake alipopata kazi kwenye kiwanda cha chai. Alijua kugomba kwa Kijaluo, Kipsigis na Kiswahili, na mara nyingine zote tatu katika sentensi moja. Hakuniangalia uso. Aliangalia viatu.

"Chelang'at, hivyo viatu utakimbia navyo?"

"Nikimbie niende wapi, Mama?"

"Utajua," akasema, akanipa beseni la slaidi za kuosha.

Hadubini yetu kubwa ilikuwa na kioo chini yake cha kunasia mwanga wa jua. Taa yake ilikuwapo, lakini stima ilikuja kama mgeni, ikae kidogo kisha iage. Kwa hiyo tulifanya kazi kwa kufuata mvua. Ninyi mnaoishi huku mnajua: asubuhi jua linawaka hadi majani ya chai yanang'aa, na baada ya chakula cha mchana mawingu yanashuka, mvua inanyesha, giza linaingia maabara. Kazi ya macho ilikuwa ya asubuhi. Mchana tuliosha, tukachanganya dawa, tukapima mikojo, tukanywa chai. Aliyeacha slaidi ngumu hadi mchana alijua lake.

Miaka ile ndiyo malaria ilipotuvamia milimani. Watu wa mabondeni wamezoeana nayo tangu utotoni, lakini wetu walikuwa wageni kwake, na mvua ndefu zilipokwisha tu, trekta za mashamba zilikuwa zinaleta wachumaji wa chai wamelala kwenye trela kama magunia. Wodini walilala wawili wawili. Nilitazama damu mpaka nikaanza kuona vijidudu kwenye ugali. Nilijifunza mengi, lakini wote pamoja tulijifunza pia tabia moja mbaya: kila homa tukaiita malaria. Wauguzi waliita malaria, maduka ya dawa yaliita malaria, hata mgonjwa alipofika dirishani alisema, "Nimekuja kupimiwa malaria yangu," kama mtu aliyekuja kuchukua kuku wake.

Sasa, uboho. Kila Mkenya anaujua kwenye supu, yale mafuta matamu unayofyonza ndani ya mfupa huku jamaa wanakucheka. Mimi nilidhani kazi yake inaishia hapo. Chuoni walitufundisha kwamba damu inatengenezwa humo, nikaandika kwenye mtihani, nikapita, nikasahau. Kuuona ni jambo lingine kabisa.

Daktari wetu, Daktari Mutai, alikuwa mwanamume mpole wa maneno machache aliyekuwa akimwomba mgonjwa radhi kabla ya kumdunga. Alichukua uboho kwenye mfupa wa nyonga, kwa sindano nene yenye kishikio. Akishavuta tu ule umajimaji mwekundu, una nafasi ndogo sana kabla haujaganda. Hapo ndipo nilipojua habari ya viatu. Wodi ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na mara ya kwanza nilikimbia na ile sahani ya kioo mkononi, kisigino kikazama kwenye matope, nikafika na uboho ulioganda kama maini. Kesho yake nilikuja na raba, na tangu hapo tulibeba slaidi hadi kitandani tukazipaka hapo hapo.

Ukipaka vizuri, kuna chembechembe zinazobaki kwenye kioo, ndogo kama punje za unga wa mahindi. Mama Awino aliziita vipunje. Mimi, kama wanafunzi wote, nilikimbilia sehemu nyembamba ya slaidi, ambako seli zimetawanyika vizuri na unaweza kuzihesabu moja moja. Alinitoa kwenye stuli.

"Wacha kuhesabu kwanza. Hapo ni kama umekutana na watu wakitoka soko, kila mtu ameshika njia yake. Enda kwa kipunje. Hapo bado wamekaa vile walikuwa wamekaa kwa mfupa. Angalia nani amekaa na nani."

Vijana, nilipotazama nilisahau hata kupumua! Katikati ya kipunje kulikuwa na makrofaji, seli kubwa yenye mikono mirefu ambayo Mama Awino aliiita mlaji, na seli changa za damu nyekundu zimeizunguka zikinyonya madini ya chuma kutoka kwayo, kama watoto kwenye sufuria. Pembeni walikuwapo limfosaiti, seli nyeupe za kinga, wadogo, wa mviringo, wasiosema mengi. Kando ya mishipa seli za plazma, ambazo viini vyake vimesukumwa upande mmoja, zenyewe zina kazi ya kutengeneza kingamwili. Nilikuwa nimedhani uboho ni kiwanda tu, unatoa damu inakwenda zake. Kumbe ni mahali ambapo walinzi wanakutana, wanapashana habari, wanapeana kazi. Nilimwambia Mama Awino kwamba ni kitu kizuri kuliko chochote nilichowahi kuona. Akaniambia nipanguse mafuta kwenye lenzi.

Nije sasa kwa Chepkoech.

Alikuwa mama kijana, mzaliwa wa Chepseon, mwenye mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Alikuwa na homa kwa miezi, inakuja na kuondoka. Alikuwa ametibiwa malaria huko vituoni, akatibiwa tena, na kila mara alirudi amekonda zaidi, huku tumbo likivimba upande wa kushoto kwa sababu ya wengu. Alipofikishwa kwetu hakuweza kuinua kichwa kwenye mto. Tulipima damu yake: seli nyekundu chache, nyeupe chache, zile za kugandisha damu chache. Malaria hatukuiona. Daktari Mutai aliwaita wakwe zake akawaambia ukweli kama alivyouona, kwamba anahofia saratani ya damu, na kwamba ikiwa ndiyo, yeye hana dawa yake pale. Aliomba achukue uboho ili ahakikishe.

Baba mkwe, Mzee arap Soi, alikuwa mtu wa haki, sitaki mumfikirie vibaya. Alisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi.

"Daktari, kama ni hiyo, mimi sitaki mtoto wa watu afie hapa kwa kitanda cha chuma, na nyumbani iko. Chukua hiyo damu ya mfupa kesho asubuhi. Lakini pikapu ya ndugu yangu inakuja kesho baada ya chakula. Tutaenda na yeye."

Kwetu mgonjwa akiletwa nyumbani kuagwa, majirani wanakuja, mifugo inarudishwa mapema, na hakuna tena anayezungumza habari za hospitali. Tulijua kwamba akipanda pikapu hatarudi.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa juu ya chai kama uji. Daktari alidunga, mimi na Mama Awino tukapaka slaidi hapo kitandani, Chepkoech akauma shuka bila kutoa sauti. Tulizipungia slaidi kwa karatasi ili zikauke upesi, kwa maana slaidi ikikauka polepole kwenye unyevu wetu huu seli hujikunja na kuharibika. Hapo ndipo tatizo la kwanza lilipotokea. Stima ilikuwa imepotea tangu juzi yake, mtambo wa kuchuja maji haukufanya kazi, na maji safi ya kuchanganyia Giemsa, rangi ya kuonyesha seli, yalikuwa yamekwisha. Tulifanya kama ilivyokuwa desturi ya maabara ile kila stima ilipotukimbia: tulichota maji ya mvua kwenye tangi.

Giemsa haiharakishwi. Unamwaga rangi, unakaa, unaomba. Ilipokuwa tayari, niliosha slaidi, nikaielekeza hadubini kwenye jua lililokuwa limeanza kupasua ukungu, nikatazama. Uboho ulikuwa umejaa pomoni. Seli za plazma zilikuwa nyingi kuliko nilivyowahi kuona kwa mtu yeyote. Daktari Mutai aliinama, akatazama kwa muda mrefu, akavua miwani.

"Hizi ni nyingi sana," akasema taratibu. "Zinaweza kuwa zenyewe ndizo saratani. Wakati mwingine ni seli hizi hizi zinazoasi."

"Daktari, zimekaa wapi?" Mama Awino akauliza.

"Zimeenea."

"Hapo kwa wembamba zimeenea. Ngoja tuone kwa kipunje."

Alikaa yeye mwenyewe. Alisogeza slaidi kidogo kidogo, midomo imebanwa. Kisha akamwita daktari, na daktari akatazama, kisha wakanipisha mimi. Ndani ya kipunje seli za plazma hazikuwa zimemwagika ovyo. Zilikuwa zimekusanyika. Kila mahali palipokuwa na mlaji, zilikuwa zimemzunguka duara, na limfosaiti wamo katikati yao.

"Saratani haikai hivyo," akasema Mama Awino. "Saratani inazaana tu, haijali jirani. Hawa wameitwa. Kuna mtu amewaita."

Daktari Mutai alisimama wima. Sijawahi kuona mtu mpole akichangamka namna ile! "Huu ni ugomvi na maradhi ya kuambukiza," akasema. "Mlaji ameshika kitu. Ameshika nini?"

Hapo ndipo tulipokwama. Walaji walikuwa wamevimba, wamejaa, lakini waliojaa nini hatukuona. Rangi ilikuwa nyekundu nyekundu, viini vimefifia, ndani ya walaji ni ukungu wa waridi. Mama Awino alitoa jicho kwenye hadubini akatazama dirishani, kwenye tangi.

"Ni maji," akasema. "Maji yetu yana asidi. Kwa slaidi za malaria tulikuwa tunaona ya kutosha. Kwa hii kazi yanatuficha."

Giemsa, kama mnavyojua, inataka maji yasiyo na uchachu. Yakiwa na asidi, zambarau yake inakufa. Dawa ya kurekebisha maji ilikuwa imekwisha pamoja na yale maji safi. Saa za asubuhi zilikuwa zinakwenda, na kule uwanjani tayari watu walikuwa wakiuliza mlinzi pikapu itaegeshwa wapi. Nilitaka kulia, na nasema hivyo bila aibu.

Mama Awino akafungua kikapu chake cha sokoni. Kulikuwa na fungu la mrenda, samaki mmoja mkavu, na pakiti ndogo ya magadi. Nyumbani kwao mboga ile haipikwi bila magadi ya kuilainisha. Sisi Wakipsigis mboga zetu tunazitilia maziwa, kwa hiyo ningeweza kufanya kazi miaka ishirini na nisiwe na chumvi ile mkobani.

"Mama, utatia magadi kwa Giemsa?" nikauliza.

"Magadi inaua asidi kwa sufuria. Kwa nini isiue kwa chupa? Leta karatasi ya kupima asidi."

Akatia punje kidogo kwenye maji, akakoroga, mimi nikachovya karatasi. Bado. Punje nyingine. Ikazidi, akaongeza maji. Daktari Mutai alikuwa ameshika kadi ya rangi akilinganisha, anatuamuru kama kondakta: "Kidogo! Kidogo! Hapo hapo!" Tukachanganya rangi upya, tukachukua slaidi ambayo haijaguswa, tukaimwagia. Kisha tukakaa. Kwenye vilima vya upande wa pili mawingu yalianza kujikusanya.

Slaidi ilitoka ya zambarau, safi, nzuri hata kwa macho matupu. Walinipa mimi nitazame kwanza kwa kuwa macho yangu yalikuwa machanga. Nilitafuta kipunje. Nikampata mlaji. Vijana wangu, alikuwa amejaa vidoadoa! Vya mviringo, vidogo, na kila kimoja kina kiini chake na kando ya kiini kijiti kidogo cheusi. Nilikuwa nimeviona mara moja tu, kwenye picha ya kitabu chuoni.

"Wui!" nikapiga kelele. "Ni kala-azar! Mama, ni kala-azar, njoo uone!"

Mama Awino alitazama, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Daktari alitazama, akacheka kwa sauti, akatazama tena kana kwamba vingeweza kukimbia. Akatueleza hapo hapo, amesimama, mikono inaruka. Mlaji ndiye askari wa kumeza wadudu. Mdudu huyu anakubali kumezwa, kisha anakaa ndani ya tumbo la askari na kuzaana humo humo. Kikulacho ki nguoni mwako. Mlaji hajui kumuua mpaka aambiwe na limfosaiti afanye hivyo, na kwa Chepkoech ujumbe ulikuwa haufiki kwa nguvu. Seli za plazma nazo zilikuwa zinatengeneza kingamwili kwa wingi, lakini kingamwili haimfikii adui aliyejificha ndani ya seli. Uboho ulikuwa umejaa wapiganaji, wote mahali pao, na bado walikuwa wanashindwa. Dawa ingeua wadudu wengi, na waliobaki wangemalizwa na askari wenyewe.

Tulitoka mbio sote watatu. Pikapu ilikuwa imefika, godoro limetandikwa nyuma, na Chepkoech alikuwa amebebwa hadi mlangoni. Daktari aliinama karibu yake.

"Mama, kabla ya kuugua mlikuwa mnaishi wapi?"

"Baringo. Kule chini. Mume wangu anachoma makaa, yuko huko bado."

"Jioni mlikuwa mnakaa wapi?"

"Nje. Kulikuwa na kichuguu, tulikuwa tunaegemea hapo tukiota moto."

Daktari alifunga macho. Wale inzi wadogo wanaosambaza ugonjwa huu wanaishi kwenye nyufa za vichuguu. Akamgeukia baba mkwe.

"Mzee, si saratani. Ni mdudu, na mdudu huyu ana dawa. Nitaipigia simu Nairobi sasa hivi. Ikifika atadungwa kila siku, karibu mwezi."

Mzee arap Soi alimtazama daktari, kisha Mama Awino, kisha mimi niliyekuwa na rangi ya zambarau hadi kwenye viwiko. "Mlituambia malaria," akasema. "Halafu mkatuambia saratani. Sasa ni mdudu. Kesho mtasema nini?"

Swali lilikuwa la haki. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuanguka juu ya godoro. Nikamwambia kwa Kipsigis, "Mzee, kabla ilikuwa tunafikiria. Leo nimemwona kwa macho yangu. Njoo umwone na wewe, kabla jua liende."

Alikuja. Alivua kofia, akainama kwenye hadubini, na mimi nikamwelekeza: huyu mkubwa ni askari, vidoa vilivyo ndani ni wadudu, hawa wanaomzunguka ni wenzake wamekuja kumsaidia. Alitazama hadi mwanga ukaisha kabisa. Alipoinuka alikwenda mlangoni akamwambia ndugu yake, "Toa hiyo godoro, inalowa."

Dawa ilifika. Chepkoech alidungwa, akatapika, akalia, akasema afadhali kufa, akadungwa tena. Homa ikakatika. Wengu ukaanza kurudi ndani. Akaanza kuomba chakula, kisha akaanza kulalamika juu ya chakula, na hapo sote tukajua amepona. Sindano zilipokwisha Daktari Mutai alichukua uboho tena, maana ndivyo unavyohakikisha. Stima ilikuwapo siku hiyo na maji yalikuwa safi, lakini nilitumia jua kwa mazoea. Nilitafuta vipunje vyote, kimoja baada ya kingine, nikitafuta kijiti hata kimoja. Hakikuwapo. Walaji walikuwa weupe, watupu. Seli za plazma zilikuwa zimepungua, limfosaiti wameongezeka, na kadhaa bado walikuwa wamekaa karibu na walaji.

Nilipogeuka, Chepkoech alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, amekuja kwa miguu yake kutoka wodini.

"Baba mkwe alisema ulimwonyesha," akasema. "Na hiyo damu ya mfupa ni yangu."

Nilimpisha. Alipanda stuli, akafumba jicho moja kama nilivyomwonyesha, akatazama.

"Hawa ndio walikuwa wanapigana huku mimi nimelala?"

"Ndio hao."

"Na sasa wanafanya nini?"

"Wamekaa tu. Wanakumbuka yule mdudu. Wanangoja kama atarudi."

Alicheka, kicheko kikubwa kilichomwamsha mtoto. Akashuka kwenye stuli, akajifunga leso vizuri, akashika njia.

"Basi wakae," akasema. "Wangoje mpaka wazeeke."